Mizani ya Historia: Nani Aandike na Nani Aidhinishe Habari za Ziwa Letu?



Ndugu wasomaji, liko jambo ambalo limeingia katika nyumba zetu kwa mlango wa shule, na wazazi wengi hawajakaa kitako kulizungumza. Katika mitaala mipya ambayo Serikali ilianza kuitumia hatua kwa hatua tangu Januari 2024, limo somo la lazima liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Hufundishwa kwa Kiswahili, katika shule za msingi na za sekondari, kwa mtoto wa Mwislamu na wa Mkristo, wa mjini na wa shamba. Mwishoni mwa 2020 Rais John Pombe Magufuli aliagiza kwamba vijana wafundishwe historia ya nchi yao; na Rais Samia Suluhu Hassan alipoizindua Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, mjini Dodoma mnamo Februari 2025, somo hilo lilikuwa limekwisha kupewa mahali pake.

Sisi twaliunga mkono. Taifa lisilojua lilikotoka ni kama msafiri aliyepoteza njia, kila amwonaye humwuliza habari za kwao. Lakini historia si kama hesabu. Saba mara nane ni hamsini na sita katika Mwanza na katika Mtwara, wala hapana kabila wala dini inayopunguziwa kitu kwa jibu hilo. Historia humwambia mtoto yeye ni nani, wazee wake walifanya nini, na jirani yake ni mtu wa namna gani. Kwa hivyo yatupasa kuuliza maswali mawili: nani anayeiandika, na kwa utaratibu gani inaidhinishwa kabla ya kuwekwa mikononi mwa watoto?

MIZANI YA PAMBA

Wazee wa Usukuma wanayajua madhara ya kumwachia mtu mmoja mizani. Katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili, mkulima wa pamba aliubeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi. Mnunuzi ndiye aliyepima, mnunuzi ndiye aliyesoma mshale, na mnunuzi ndiye aliyehesabu fedha. Mkulima alirudi nyumbani akijua moyoni kwamba amepunjwa, lakini hana la kuthibitisha.

Wakulima walipochoka, hawakuivunja mizani. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wasimame karibu na kuangalia. Katika juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani na wenzake, vilikua vyama vya ushirika vya msingi. Na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo baadaye lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Twalitaja jambo hili kwa kuwa Qur'ani Tukufu imewaonya vikali watu wapunjao vipimo, hata ikawa sura nzima yaitwa kwa jina lao, Al-Mutaffifin. Na mwenye kupunja pamba huiba mavuno ya mwaka mmoja, lakini mwenye kupunja historia huiba heshima ya vizazi. Dawa yake ni ileile ya wakulima wa Usukuma: mizani ibaki, ila wenye mzigo wawe na haki ya kuitazama.

SHERIA YASEMAJE

Zama za Waingereza, elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi. Zilikuwako shule za Wazungu, shule za Waasia, na shule za Waafrika, na kila kundi lilipewa kadiri mtawala alivyoona lastahili. Mgawanyo huo uliondolewa kwa sheria mpya ya elimu iliyoanza kutumika mwaka 1962. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere akatoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zimlee mtoto wa nchi hii kwa maisha ya nchi hii. Na Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitia mikononi mwa Serikali shule ambazo mashirika ya dini yaliziendesha kwa ruzuku.

Katika zama zetu hizi, kazi ya kutunga mitaala na mihutasari imekabidhiwa Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo chimbuko lake ni Sheria Na. 13 ya 1975. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 nayo imempa Kamishna wa Elimu madaraka makubwa juu ya yale yanayofundishwa. Mwalimu wa historia wa Nyamagana au wa Sengerema hawezi kuamka asubuhi akatunga somo lake mwenyewe, akaliita habari za makabila ya Ziwa, akalitahini. Kila kitu chatoka mahali pamoja.

Utaratibu huo una faida yake. Unamkinga mtoto asifundishwe chuki na mwalimu mwenye ajenda yake, na unawafanya watoto wa nchi nzima wasome kitabu kimoja. Lakini mahali pamoja si dawa ya makosa. Kamati ya kuidhinisha vifaa vya elimu, iliyokuwako tangu 1999, ilivunjwa mwaka 2013 baada ya mjadala mkali Bungeni juu ya mitaala na makosa ya vitabu. Na mwaka 2017, vitabu vipya vya kiada vilivyotolewa na Serikali yenyewe vilionekana vina makosa, mpaka maofisa wakasimamishwa kazi. Kosa la hesabu au la tahajia huonekana upesi. Kosa la historia, na hasa lile la kunyamaza, laweza kukaa miaka hamsini pasipo mtu kuligundua, kwa sababu asiyetajwa haonekani.

ZIWA NA WATU WAKE

Hebu tuangalie mfano wa hapa petu. Ziwa tulitazamalo kila siku lina jina la malkia wa Uingereza. Jiwe mashuhuri lisimamalo majini mjini Mwanza huitwa kwa jina la Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani. Mtoto husoma kwamba tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliligundua ziwa hili. Ni kweli kwamba Speke alifika. Lakini kabla hajafika, yeye na mwenzake Burton walikuwa Kazeh, karibu na mahali panapoitwa leo Tabora, na huko mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliwapa habari za ziwa kubwa lililoko kaskazini. Wenyeji waliliita Nyanza tangu zamani, wakavua samaki wake na kuvuka maji yake. Na katika msafara uleule alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa utumwani India akiwa mtoto, akarudi akiwa huru. Naye baadaye alisafiri na Speke mara ya pili, na Stanley, na Cameron aliyekata bara zima. Katika vitabu vya wasafiri yeye ni mtumishi, lakini kwa haki alikuwa miongoni mwa wasafiri wakubwa wa karne yake.

Tutazame na habari nyingine, ya Ukerewe. Katika miaka ya 1870 alikuwako mwambao wa kusini wa Ziwa mfanyabiashara aitwaye Songoro, ambaye aliunda jahazi la kusafiria Ziwani. Desemba 1877 ulizuka ugomvi baina yake na mtawala wa Ukerewe, Rukonge. Songoro akakimbilia kwa wamisionari wawili wa Kiingereza, Luteni Shergold Smith na Bwana O'Neill, waliokuwa kisiwani. Walitakiwa wamtoe, wakakataa kumtoa mtu aliyeomba hifadhi kwao. Na wote watatu wakauawa.

Habari hii ina mafunzo mengi kuliko kurasa nyingi za vitabu. Wamo ndani yake Mkerewe anayelinda mamlaka ya nchi yake, mfanyabiashara aliyetoka pwani, na Wakristo waliokufa kwa kumhifadhi mtu asiye wa dini yao. Lakini ni wanafunzi wangapi wa Mwanza wanaoijua?

Tena wako Wakara, ambao katika kisiwa kidogo chenye watu wengi walijua kufuga ng'ombe zizini, kutia samadi na kulima kwa matuta, mpaka wataalamu wa kilimo wakaenda kujifunza kwao. Yuko Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeandika kwa Kikerewe, mnamo 1945, habari ndefu za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na mila za watu wake. Akangoja miaka thelathini na mitano mpaka kitabu kikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Na iko Igoma, yalipo makaburi ya watu waliokufa maji katika meli ya Mv Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, Waislamu na Wakristo pamoja. Hayo yote ni historia ya Tanzania. Hayawezi kuingia yote katika kitabu kimoja kinachoandikwa Dar es Salaam, hata mwandishi awe mwadilifu namna gani.

MALALAMIKO YETU NA UADILIFU WETU

Waislamu wa nchi hii wamekuwa na malalamiko ya muda mrefu juu ya historia ya kupigania uhuru. Mwaka 1981 Chuo cha Chama cha Kivukoni kilitoa historia ya TANU. Na mwaka 1998 Mohamed Said alichapisha London kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, akidai kwamba mchango wa wazee wengi wa Kiislamu umeachwa nje ya historia rasmi. Wako waliomwunga mkono na wako waliombishia. Sisi twasema kwamba mjadala wa namna hiyo haumalizwi kwa kunyamazishana, bali kwa kuleta ushahidi mezani.

Na ushahidi uko hata huku Ziwani. Serikali ya kikoloni iliikataza TANU kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa tangu mwisho wa 1954 mpaka 1958, jambo linaloonyesha jinsi watawala walivyowaogopa wakulima wa huku. Magharibi ya Ziwa, Ali Migeyo wa Kamachumu, Mwislamu, alifungwa kwa ajili ya siasa. Na maisha yake yaliandikwa na George Mutahaba katika kitabu kilichotoka 1969. Hatumtaji Migeyo ili tumpunguzie Bomani sifa yake. Twawataja wote wawili kwa sababu mtoto anayesoma habari ya mmoja tu amefundishwa nusu.

Lakini ndugu wasomaji, hapa ndipo penye mtihani wetu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya An-Nisaa tusimame na uadilifu ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Je, tuko tayari kwa hilo linapokuja somo la utumwa? Yule Songoro, wageni waliokutana naye wameandika kwamba mbali na pembe za ndovu alifanya biashara ya watu. Misafara ya pwani ilichukua watumwa bara, na wengi wa wenye misafara waliitwa kwa majina kama yetu. Kulificha jambo hili ni kupunja mizani.

Haki yetu ni kudai kwamba lisemwe lote. Lisemwe kwamba watumwa walinunuliwa kwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na kwa mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilevile. Kwamba walikuwako watawala wa bara waliouza mateka wao. Kwamba soko la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa 1873 alioutia sahihi Sayyid Barghash. Na kwamba dini yetu imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada na kafara. Na zaidi ya yote, isiwe kwamba somo likifika hapo, wanafunzi wote wageuke kumtazama Salim au Said aliyekaa dawati la nyuma, kana kwamba yeye ndiye aliyeongoza msafara. Dhambi hairithiwi. Qur'ani yatufundisha kwamba hapana mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenziwe. Kadhalika, mtoto wa Kihindi asitazamwe kama mnunuzi wa pamba wa 1950.

HOFU YA UKABILA

Wako wenye busara watakaotuambia: Acheni habari za makabila, msije mkaiamsha fitina iliyolala. Hofu hii haina haja ya kudharauliwa. Tangu ile sensa ya 1967, Serikali yetu haiwaulizi watu kabila wala dini wakati wa kuhesabiwa, kwa kusudi la kulinda umoja. Na jirani zetu wametuonyesha hatari. Katika Rwanda, kwa miaka mingi watoto walifundishwa darasani kwamba Mtutsi ni mgeni na Mhutu ndiye mwenyeji. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ambayo dunia haitayasahau, na Mto Kagera ukaileta miili ya waliouawa mpaka katika Ziwa hili tunalovua samaki. Baada ya hapo Rwanda ililazimika kusimamisha ufundishaji wa historia mashuleni kwa muda, kwa kuwa hapakuwa na historia ambayo wote waliweza kuisoma pamoja.

Lakini funzo la Rwanda ni lipi? Makosa hayakuwa ya kujua makabila, bali ya kufundisha uongo kuhusu makabila, kwa idhini ya wakubwa, pasipo mtu wa kuwapinga. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Al-Hujurat kwamba alituumba kwa mwanamume na mwanamke, akatujaalia mataifa na makabila kwa makusudi ya kujuana, na kwamba aliye bora ni mchaji zaidi. Kujuana ni amri. Na asiyemjua jirani yake humjaza kwa dhana, na katika sura hiyohiyo tumekatazwa dhana nyingi.

WENZETU WA NG'AMBO

Jambo hili si letu peke yetu. Katika Marekani, tangu mgomo wa wanafunzi wa chuo cha San Francisco wa 1968 na 1969, watu weusi, Wahindi Wekundu, watu wenye asili ya Asia na wenye asili ya Mexico wamedai historia zao zifundishwe. Jimbo la Arizona lilipitisha sheria mwaka 2010 ya kupiga marufuku masomo kama hayo, na somo la Wamarekani wenye asili ya Mexico likafungwa katika shule za Tucson. Lakini Agosti 2017 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba marufuku hiyo ilitokana na chuki ya rangi na ilivunja katiba yao.

California ilipita njia nyingine. Rasimu ya kwanza ya mtaala wa mfano, iliyotolewa 2019, ililalamikiwa na Wayahudi na wengineo. Ilipobadilishwa, Wamarekani wenye asili ya Kiarabu nao wakalalamika kwamba habari zao zimepunguzwa. Mwaka 2020 Gavana Gavin Newsom alikataa kuutia saini mswada wa kwanza. Machi 2021 mtaala wa mfano ukapitishwa, na Oktoba mwaka huohuo Gavana akatia saini sheria iitwayo AB 101, yenye shabaha kwamba kila kijana amalizaye sekondari awe amesoma habari za jamii mbalimbali.

Tunachotaka wasomaji wakiangalie ni utaratibu uliomo. Halmashauri ya shule ikitunga somo lake yenyewe, haina ruhusa kulipitisha siku hiyohiyo. Ni lazima ilitangaze kwanza katika mkutano wa hadhara, kisha ingoje mkutano wa pili, wananchi wapate nafasi ya kusema, ndipo iidhinishe. Tena sheria yataka somo liwafae wanafunzi wa rangi zote na dini zote, lisichochee ubaguzi dhidi ya mtu wala kundi, na lisihubiri dini. Wala hatusemi kwamba California imefaulu. Sheria yenyewe ilisema sharti hilo halitaanza kazi mpaka fedha zitengwe, na bajeti iliyopitishwa mwaka 2025 haikutenga fedha hizo. Na ugomvi juu ya yaliyomo haujaisha. Lakini mikutano miwili ya hadhara ni jambo jema, na jambo jema ni haki ya Muumini popote alionapo.

MIZANI YA WANACHUONI

Na kwa kweli, sisi Waislamu tusione kuwa ni jambo geni. Wanachuoni wetu wa Hadithi waliweka kanuni za kuidhinisha habari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Imam Bukhari hakuikubali habari kwa kuwa yapendeza au kwa kuwa msemaji ni mtu mkubwa. Aliuliza: nani amesema, amesikia kwa nani, je, walikutana, na je, ni mkweli mwenye kuhifadhi? Na Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, aliyataja mapenzi ya upande mmoja kuwa ni sababu ya kwanza kwanza ya uongo kuingia katika tarehe za watu. Mtu akilipenda kundi lake, huziamini habari zinazolipendeza bila ya kuzipima.

Kanuni hizo twaweza kuziomba ziingizwe katika sheria na kanuni za elimu yetu. Maombi yetu ni matano. La kwanza, rasimu ya mhutasari na ya kitabu cha historia itangazwe hadharani, na muda maalumu utolewe wa kupokea maoni kabla ya kuidhinishwa, si katika miji mikubwa tu bali hata Nansio, Magu na Misungwi. La pili, kila kitabu kitaje habari imetoka wapi, kwa nyaraka au kwa wazee. La tatu, sehemu ya somo iachwe kwa habari za mahali, wanafunzi wapelekwe kwa wazee na mahali penye kumbukumbu, chini ya mwongozo mmoja uliokwisha kuidhinishwa. La nne, iandikwe wazi kwamba hapana somo litakalomtweza mtoto kwa damu yake au dini yake. La tano, iwepo njia inayojulikana ya kulalamika na kujibiwa kwa maandishi.

Kwamba njia ya kulalamika kwa hoja huzaa matunda, tunao mfano. Mwaka 2012 matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu yalilalamikiwa. Waliolalamika walileta hesabu zao, matokeo yakapitiwa upya, kosa likaonekana, nayo yakasahihishwa.

WAJIBU WA NYUMBA ZETU

Sheria njema haimsaidii asiye na cha kuleta. Hata rasimu ikitangazwa kesho, Waislamu wa Mwanza watapeleka nini? Kule Bujora, karibu na Kisesa, yako makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni Padre David Clement, mgeni kutoka Canada, aliyekusanya ngoma, viti vya watemi na habari za koo, na kwa sababu hiyo leo mtoto wa Kisukuma ana mahali pa kwenda kuona vitu vya babu zake. Alifanya kazi ambayo mtu yeyote mwenye mapenzi angeweza kuifanya.

Basi nasi tufanye. Baba na mama, mchukueni daftari jioni moja, mkae na wazee wangali hai. Waulizeni: msikiti wa mtaa wetu ulijengwa mwaka gani, na nani alitoa kiwanja? Mwalimu wa kwanza wa madrasa alitoka wapi, kwa miguu kutoka Tabora, kwa jahazi kutoka Buganda, au kwa gari moshi lililofika Mwanza mwaka 1928? Babu alinunua pamba au aliuza? Bibi alifanya kazi gani katika siku za kudai uhuru? Andikeni jina la msemaji, umri wake, na tarehe. Akisema lisilopendeza, liandikeni vilevile. Picha na barua za zamani msizitupe wakati wa kuhama nyumba. Nyuma ya kila picha andikeni majina, kwa maana baada ya miaka ishirini hapatakuwa na wa kuwatambua.

Nanyi vijana mnaosoma sekondari, someni kitabu cha historia mlichopewa kwa heshima na kwa macho wazi. Mkiona jambo lisilo sawa, msimvunjie mwalimu adabu mbele ya darasa. Ulizeni kwa upole: habari hii imetoka wapi? Na mwenzenu wa dini nyingine akiwasimulia habari za wazee wake, msikilizeni kama mnavyopenda kusikilizwa. Walimu wa madrasa nao wanaweza kutenga kipindi kimoja kwa mwezi kwa ajili ya habari za Waislamu wa Ziwa, kwa sharti kwamba kisiwe kipindi cha kulaumu watu.

Wakulima wa pamba waliposimama karibu na mizani, walijua namba, wakajua kuandika, na wakawa waaminifu kiasi cha kwamba neno lao liliweza kusimama mbele ya neno la mnunuzi. Bila ya mambo hayo matatu wasingalipata kitu. Nasi tukitaka habari zetu ziingie katika vitabu vya taifa, yatupasa tuzijue, tuziandike, na tuwe wakweli hata katika lile linalotuuma.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wale wasimamishao mizani kwa haki, awahifadhi watoto wetu na fitina, na azidishe mapenzi baina ya watu wa nchi hii. Wabillahi tawfiq.